Neno Lililozima Nyumba Nzima

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka nikamkuta mke wangu anapima ofisi yangu. Yeye ni mpima ardhi, kwa hiyo hakisii. Alipiga magoti, akachora alama nne za penseli sakafuni, akaandika namba kwenye kiganja. Mimi nilikuwa bado kwenye godoro, kichwa chini ya meza. Aliniruka kama mtu anavyoruka mtaro. Akasema kitanda kinaingia vizuri kabisa, ila meza itoke.

Meza itoke!

Nieleze, maana hata shajara ina haki ya kuelewa. Mama mkwe wangu alifika jana. Anaishi peke yake tangu baba mkwe afariki, na macho yake yamepungua nguvu. Mwanga na vivuli anaviona, sura anabahatisha. Amekuja kwa wiki moja. Mke wangu anataka abaki moja kwa moja. Nyumba yetu ina vyumba viwili vya kulala. Kimoja ni chetu, na kwa sasa wanalala humo mama na binti yake, yaani mke wangu. Cha pili ni ofisi yangu, ambamo natengeneza programu za kompyuta tangu kampuni ilipoturuhusu kufanyia kazi nyumbani. Cha tatu hakuna. Jumapili ijayo tutakaa kitako, sisi watatu, tukate shauri.

Sina neno na mama mkwe. Ni mwema, anacheka vizuri, halalamikii chakula. Lakini chumba hiki nimekijenga miaka mitatu. Skrini mbili zilizosimama sawa. Kibodi ambayo hakuna mtu mwingine anaruhusiwa kuigusa. Kiti cha kuzunguka kinachopanda na kushuka kwa kitufe. Nikihamia kwenye meza ya kulia chakula nitakuwa mtu yeyote tu mwenye kompyuta.

Nimefikiri tangu asubuhi. Jibu limekuja nikipiga mswaki. Mama hahitaji chumba. Anahitaji nyumba yake mwenyewe imsikilize. Nitamtengenezea kifaa cha kuwasha na kuzima vitu kwa sauti, ajizoeze nacho hapa wiki hii, kisha arudi nacho kwake akaishi kwa raha na heshima. Mke wangu ataona jinsi ninavyomjali mama yake. Mimi nitabaki na meza. Hakuna atakayeumia.

Sikujua kama nina moyo mzuri kiasi hiki.

Jumanne, 5 Machi

Kifaa kimekamilika. Nimekiita Kisikio. Ni kikompyuta kidogo kinachoenea ndani ya kibweta cha sabuni, maikrofoni moja, na ekstensheni niliyoifungua na kuifunga mara tatu. Imebaki skrubu moja sakafuni ambayo sijui ilikuwa ya wapi. Maneno ni mawili tu, mama asihangaike: washa na zima. Ukisema washa taa, taa inawaka. Washa peke yake huwasha kila kitu; zima peke yake huzima kila kitu kwa mpigo. Hilo la mwisho ni ubunifu wangu. Mzee anayetaka kulala asilazimishwe kutaja kitu kimoja kimoja.

Nilikijaribia ofisini. Nikakiunganisha na taa, feni, skrini na ruta ya intaneti. Kompyuta yenyewe niliiacha kwenye soketi yake ukutani, mimi si mjinga. Birika la umeme la jikoni nalo nikaliunganisha kwa mbali.

Saa nne tulikuwa na kikao cha timu kwa video. Nilitaka wenzangu waone, hasa mmoja ambaye humu namwita Bwana Rafu. Nyuma yake kwenye kamera kuna rafu ya vitabu vilivyopangwa kwa rangi, na siamini kama amevisoma. Nikatamka washa taa. Taa ikawaka. Bwana Rafu akasogea karibu na kamera aone vizuri.

Ndipo mkuu wetu akaanza kuzungumza. Ni mama mpole, lakini hamalizi sentensi tatu bila kusema lazima. Akasema kazi ya mteja lazima iishe Jumatatu. Giza. Intaneti ikakata. Nikawasha, nikarudi, nikaomba radhi. Akasema lazima kila mtu awe na mawasiliano ya uhakika. Giza tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeshaelewa. Ndani ya lazima kuna zima. Kisikio hakisikilizi maneno, kinatafuta herufi, na mimi ndiye niliyekiagiza hivyo.

Mchana nilifanya mazoezi ya hotuba yangu ya Jumapili. Nilipofika kwenye maneno nia yangu si kuwashawishi, ambamo kuna washa, birika likawaka jikoni likiwa tupu. Mama mkwe ndiye aliyenusa. Limeungua kitako.

Marekebisho yalichukua nusu saa. Kisikio sasa hakitii mpaka kisikie neno zima, si kipande cha neno. Jioni nilikihamishia sebuleni nikamweleza mke wangu kosa lilikuwa wapi. Nikamwambia sikuwa nimedai neno zima. Taa ikazimika tukiwa tunakula. Akaendelea kula gizani, na mama yake akauliza kama umeme umekatika au ni macho yake.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimemkabidhi mama kifaa rasmi. Nilidhani nitahitaji siku nzima kumfundisha. Nilisahau alikuwa nani. Kabla ya kustaafu alikuwa opereta wa simu, miaka ishirini na saba, enzi za kuunganisha watu kwa kuchomeka waya kwenye ubao. Alikipapasa Kisikio pande zote, akauliza swali moja: je, kinasikiliza mtu mmoja kwa wakati, au kila anayesema? Nikamwambia kila anayesema. Akatikisa kichwa, akasema kwao opereta wa namna hiyo asingemaliza wiki.

Baada ya robo saa alikuwa anakiamuru vizuri kuliko mimi. Washa redio. Redio ikawaka. Alicheka, akajiweka vizuri kitini, akasikiliza taarifa ya habari mpaka bei za mahindi. Nikaona nimeshinda. Nikamtumia mke wangu ujumbe kazini kwamba mama ameweza. Akajibu akiuliza ameweza nini.

Saa tano jirani yetu, yule mshonaji, alikuja kumwamkia. Hapo ndipo nilipoliona shimo nililokuwa nimelichimba.

Mama anamjulia kila mtu hali. Hasemi tu hujambo akapita. Anauliza, u mzima? Na anauliza kwa matamko ya kazini kwake, ya kumsemesha mtu aliye mbali kwenye laini mbovu, kila silabi imesimama peke yake. Anasema m, anapumzika kidogo, kisha zima. Hiyo m Kisikio kinaidhani ni mtu anaguna. Kinachofuata kinakichukulia kuwa ni amri. Redio ikanyamaza, feni ikasimama. Mshonaji, kwa heshima ya kumjibu mkubwa, naye akajibu polepole kwamba yeye ni m, zima. Nilikuwa ndiyo kwanza nimewasha.

Nilianza kuhesabu. Tangu asubuhi hadi saa kumi mama ameuliza mara thelathini na moja. Ananiuliza nikitoka bafuni. Ananiuliza tena baada ya chai, kana kwamba chai inaweza kuwa imenidhuru. Anamuuliza muuza mayai kupitia dirishani. Anauliza kwenye simu, na wa upande wa pili anajibu, na spika ya simu yake ina sauti kubwa.

Nimefanya kitu cha kitaalamu. Nimerekodi sauti yake sentensi arobaini, nikakifunza Kisikio kuitambua, ili kimwelewe vizuri zaidi. Kimefaulu. Sasa kinamtii yeye haraka kuliko zamani.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya kumwonyesha mteja kazi. Mimi ndiye niliyepewa sehemu ya kueleza, Bwana Rafu akae pembeni. Nilivaa shati la kola. Nilifunga mlango. Kisikio nilikuwa nimekirudisha ofisini, maana kinawasha taa ya mezani kwa namna inayopendeza kwenye kamera. Nilimwomba mama asiingie kati ya saa tatu na saa nne.

Saa tatu na nusu aliingia na kikombe cha chai. Alikuwa amesikia sauti za watu, na kwake yeye watu wakifika nyumbani hawakai bila kusalimiwa. Akasimama nyuma yangu, akauliza ni akina nani. Kabla sijajibu, mkuu wetu akamwamkia shikamoo kutoka kwenye skrini. Basi. Mama akaitikia marahaba, akauliza yeye ni m, zima.

Giza. Kimya. Niliwasha, nikarudi kikaoni baada ya dakika mbili, jasho linanitoka kwapani. Mama hakuwa amesogea. Kwake laini kukatika si jambo, unaunganisha upya na kuanza pale ulipoishia. Akaanza pale alipoishia. Walikuwa watu wanane. Tulikatika mara tano.

Lakini naandika na hili, kwa sababu shajara haidanganywi sana. Watu wale walimfurahia. Mteja mwenyewe, bwana mkavu ambaye hajawahi kunijibu barua pepe zaidi ya mstari mmoja, alimweleza mama habari ya mgongo wake. Bwana Rafu alisema hajaulizwa hali yake na mtu aliyesubiri jibu tangu mwaka jana, akaangalia pembeni. Nilikuwa nikibonyeza vitufe nikihangaika na ruta, nikasikia kipande tu. Mkuu wetu akasema kazi tutaionyesha siku nyingine, lakini lazima nishughulikie huo umeme wangu.

Kikao kilipoisha nilimwita mama, nikakaa naye. Nilijitahidi kuwa mpole. Nikamwambia, Mama, lile neno lako la kumjulia mtu hali linaharibu kazi. Tusilitumie saa za kazi. Hakubisha. Aliomba radhi, mara mbili. Alisema hakujua kama anakata watu, na kwamba miaka yote aliyofanya kazi hakuwahi kumkata mtu asiyestahili kukatwa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Mimi ndiye niliyeshindwa kumaliza chai.

Ijumaa, 8 Machi

Kimya. Nimefanya kazi saa sita mfululizo. Nimemaliza vipengele vitatu vya mteja ambavyo vilikuwa vimenishinda tangu mwezi uliopita. Kisikio hakijakosea hata mara moja. Ningekuwa na mtu wa kumpa mkono ningempa.

Mama amechukua lile ombi langu akalizidisha. Hajui ni maneno gani mengine yanaweza kukizindua kifaa, kwa hiyo ameacha kusema. Asubuhi nilipotoka bafuni alikuwa ukumbini. Akafungua mdomo, akaufunga, akaniinamishia kichwa. Muuza mayai alipopita dirishani alimpungia mkono. Muuza mayai alisimama pale kitambo, ananiangalia mimi, kama vile ninajua nimemfanya mama nini.

Mchana alitoa kiti chake nje, akakaa barazani ambako maikrofoni haifiki. Nilimwona kupitia dirisha la ofisi. Alikuwa anazungumza peke yake kidogo, au labda anaimba.

Nilipotoka kwenda dukani nikarudi, nilikuta nyaya zangu chini ya meza zimepangwa. Lile rundo ambalo mke wangu huliita kiota. Alizichambua kwa vidole, waya mmoja mmoja, akafunga kila mmoja uzi wa sufu: fundo moja skrini, mafundo mawili ruta, matatu kompyuta, manne Kisikio. Alizifuata hadi mwisho kama alivyokuwa akifuata laini za watu. Sikuwahi kuona sakafu ya pale chini. Ni ya kijani.

Nilimshukuru. Akatabasamu, akaonyesha Kisikio kwa kidole, akaweka kidole mdomoni.

Mke wangu aliporudi aliuliza kwa nini nyumba imepoa hivi, kuna mtu ameugua? Nikasema hapana, mfumo umetulia tu. Aliniangalia kwa jicho lile analoangalia nalo mpaka wa shamba ambao mtu ameusogeza.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeanguka.

Nilikuwa nimekaa tangu saa tatu nimalizie kazi ya mteja ya Jumatatu. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri sana, hivyo sikuwa nikihifadhi. Najua. Nawaambia watu kila siku wahifadhi. Saa tisa alasiri kiti cha kuzunguka kilitoa sauti kama mtu anayemeza, kikashuka ghafla, kikainamia nyuma. Nilikwenda nacho. Kisogo kikagonga ukingo wa droo, nikajikuta nimelala chali naangalia dari. Sasa najua ile skrubu ilikuwa ya wapi.

Mke wangu alikuwa sokoni. Nikasikia hatua za mama zinakuja kutoka barazani, haraka kuliko nilivyodhani anaweza. Akasimama mlangoni. Yeye haoni vizuri, lakini aliliona umbo la mtu chini. Akafungua mdomo. Akaangalia upande wa Kisikio. Akafumba.

Sitasahau uso wake. Alitaka kuniuliza, na alikuwa ameahidi. Alisimama vile labda sekunde tatu. Kisha akapiga magoti, akatambaa chini ya meza, nikasikia vidole vyake vinapapasa. Zile alama alizozifunga mwenyewe kwa mikono yake, fundo moja hadi manne, hakuwa na muda wa kuzihesabu. Akang'oa nyaya zote. Skrini, ruta, Kisikio, kompyuta, kila kilichokuwa kimechomekwa. Feni ikazunguka mizunguko ya mwisho, ikasimama.

Ndipo akageuka, akanishika bega, akaniuliza, u mzima?

Kazi ya saa sita ilikuwa imekwenda na maji. Nililijua hilo nikiwa pale chini. Nilitaka kukasirika, nikaitafuta hasira, haikuwepo. Kwa kawaida nikiulizwa swali hilo najibu kabla halijaisha, kama mtu anayefunga mlango. Leo nilikaa nalo. Nikamwambia, sijui, Mama. Nikamwambia kichwa kinauma kidogo, na kwamba naogopa kuondolewa chumba hiki kwa sababu sijui nikikaa mahali pengine nitakuwa nani. Nilisema yote hayo nikiwa nimelala sakafuni. Hakunishauri chochote. Alisema hilo la kichwa atalitafutia maji baridi, na hilo lingine amelisikia.

Tulikaa hivyo mpaka mke wangu alipogonga. Mama alikuwa ananieleza habari za mtu mmoja aliyekuwa akipiga simu kila Ijumaa enzi zake za uopereta, hataki kuunganishwa na yeyote, anataka tu aulizwe kama ni mzima. Akishajibu, anakata mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi nimeifuta hotuba yangu ya zamani. Nimeandika nyingine. Ni fupi: Mama, chumba ni chako. Meza nitaipeleka sebuleni, pembeni ya dirisha, mwanga wa pale si mbaya. Nimeisoma mbele ya kioo. Nilijisikia mwepesi, nikanyoa ndevu.

Saa kumi tukakaa, mimi, mke wangu na mama. Nikafungua mdomo. Mama akatangulia.

Alitushukuru kwa wiki nzuri. Akasema kesho atarudi kwake. Nyumba yake anaijua kwa miguu, alisema, hahitaji macho kuizunguka. Na hapa anajiona kama mtu aliyeingia kwenye laini ya wengine, kila akipumua anaogopa asije akamkata mtu. Hakusema kwa kinyongo. Akasema Kisikio atakichukua, kwa sababu amesikia mkwe alivyokihangaikia, na kwa sababu anapenda redio.

Mke wangu hakumwangalia mama yake. Aliniangalia mimi. Aliniangalia muda mrefu, na nilijua kabisa anasubiri nini. Alikuwa anasubiri maneno manne. Yalikuwa mdomoni, nimeyanyolea na ndevu. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi nyuma ya bega lake, nikaiona meza, skrini mbili zimesimama sawa, taa yake.

Nikasema nitamwongezea waya mrefu zaidi, ili redio ifike hadi jikoni.

Mama akasema itafaa sana. Mke wangu akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nilibaki pale nikieleza urefu wa waya. Nilieleza kwa muda mrefu. Naona aibu, naiandika hivyo ilivyo: naona aibu. Pia nilipumua.

Jumatatu, 11 Machi

Tumempeleka mama kwake. Nimefunga Kisikio sebuleni, juu ya kabati, na waya mrefu. Alitutembeza nyumbani mwake bila kugusa ukuta hata mara moja. Mlangoni alitaka kuniuliza hali yangu, akakumbuka, akanipapasa kisogo badala yake, pale penye nundu.

Njia nzima ya kurudi mke wangu aligeukia dirishani.

Kazi ya mteja nimeikabidhi saa kumi na moja, nusu yake nimeiandika upya kwa kumbukumbu, na nusu ya pili ni afadhali kuliko ile ya kwanza. Bwana Rafu aliuliza mama hajambo? Nikamwambia amerudi kwake. Akasema, ah.

Nimefuta alama za penseli sakafuni kwa kitambaa cha maji. Tatu zimetoka.

Alhamisi, 14 Machi

Habari njema. Tatizo limetatuliwa, na safari hii ni moja kwa moja.

Tatizo lilikuwa simu. Kila mtu akimpigia mama, anajuliwa hali, na hali ikijibiwa nyumba yake inazimika. Juzi nilimpigia nikaisikia kwa masikio yangu redio inakatika. Alicheka, akasema si kitu. Jana mke wangu alipiga mara tatu haikupokelewa. Ikaja kujulikana kwamba simu ikilia mama anakwenda kwanza kabatini kuchomoa Kisikio, ndipo apokee, na njia ni ndefu. Wengi wanakata. Mshonaji wetu amekata. Mtu asiyefikiri angesema kiondolewe kifaa. Mimi nilikaa kwenye kiti changu (kimefungwa skrubu) nikafikiri.

Watu wanampigia kwa sababu gani? Ili kujua kama ni mzima. Basi swali hilo aulizwe na Kisikio chenyewe! Nimekiagiza kutoka hapa, kwa laini ya intaneti niliyokiwekea. Kila siku saa mbili asubuhi, kwa sauti ya mwanamke, ya adabu, niliyoichagua kati ya sauti kumi na nne, kinamuuliza, u mzima? Yeye anajibu kwamba ni mzima. Kwa jibu hilo hilo kila kitu kinazimika, na kwa kuwa ni asubuhi taa hazihitajiki, na taarifa ya habari inakuwa imeisha. Kisha ripoti inaingia kwenye simu yangu. Ile hitilafu iliyonitesa wiki nzima sasa ndiyo kitufe cha kufungia mazungumzo. Hakuna anayesumbuliwa. Nimewaandikia ndugu wote kwamba hawana haja tena ya kumpigia.

Leo ilikuwa mara ya kwanza. Nimesikiliza rekodi. Kisikio kiliuliza vizuri. Mama alijibu, m, zima. Redio ikazimika. Kuna dosari moja ndogo: kifaa huchukua kama dakika moja kufunga rekodi, na katika dakika hiyo anasikika akikiuliza, na wewe je? Anasubiri. Anauliza tena kwa sauti ya chini zaidi. Nimeiandika kwenye orodha ya marekebisho kuwa mtumiaji bado hajaelewa kwamba zamu yake imeisha.

Jioni mke wangu aliuliza kama nimempigia mama yake leo. Nikamwambia hakuna haja, ripoti imeingia saa mbili na dakika nne, mzima. Nikamwonyesha kwenye simu, ina alama ya kijani. Aliishika ile simu kwa muda, akanirudishia, akaingia chumbani akafunga mlango taratibu. Nadhani imemgusa. Nitamtengenezea na yeye cha kwake.